Maji ya moto Mwanza: namna ya kuoga vizuri bila kumaliza LUKU

Mwanza haina baridi ya Makete wala ya Lushoto. Lakini mwezi wa sita na wa saba, ukiamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala ya Buhongwa, ukinawa uso tu hamu ya kuoga inakuisha. Hapo ndipo hita zinapowashwa, na hapo ndipo uniti zinapoanza kuyeyuka bila mtu kujua zimekwenda wapi.

Mwongozo huu ni wa nyumba zetu za kawaida: za kupanga zenye LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla), za mlimani kule Igogo na Mabatini zilizobanana na mawe, na hizi zinazojengwa sasa pembezoni mwa jiji. Katika nyumba nyingi gharama haiko kwenye maji unayooga. Iko kwenye joto unalolilipia halafu hulitumii: boila linalowaka mchana kutwa, sufuria lililotokota saa nzima, maji ya moto yaliyomwagwa kwa sababu yalizidi.

Hatua ya 1: Jua ndoo moja inakula kiasi gani

Chukulia maji ya bomba yana nyuzi joto 24. Maji ya kuogea yanayomridhisha mtu mzima ni nyuzi 40 hadi 42. Kwa hiyo unachonunua ni nyuzi 16 hadi 18 tu. Uniti 1 ya umeme, ikiingia yote ndani ya maji, hupasha lita 50 kwa nyuzi 17. Ndoo ya lita 20 basi inakula uniti 0.4, uwe umetumia jagi la umeme, hita ya ndoo au boila. Anayekuuzia hita "isiyokula umeme" anakudanganya mchana kweupe. Vifaa vinatofautiana kwa kiasi cha joto kinachopotea njiani, basi.

Sasa pesa. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, T1, bei ninayopigia hesabu ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT 18%, REA 3% (tozo ya umeme vijijini) na EWURA 1% (tozo ya mdhibiti wa nishati) inafika kama shilingi 356. Ndoo moja inakuwa shilingi 140 na kitu. Aliye kundi la matumizi madogo, D1, anahesabiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato hayo, na ndoo yake haifiki shilingi 50. Raha hiyo ina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Familia ya watu 5, kila mmoja ndoo moja kwa siku, ni uniti 2 kwa siku, yaani 60 kwa mwezi. Zinabaki 15 za taa, friji na televisheni, jambo ambalo halitoshi. Zikizidi 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya makato. Kama uko D1, usipashe maji yote kwa umeme. Soma hatua ya 2 kwa makini kuliko wengine.

Hesabu hii pia inamaliza ugomvi wa nyumba za kupanga. Mnapochangia LUKU kwa vichwa, mwenye hita huangaliwa kwa jicho baya, na mara nyingi kwa haki. Badala ya kununiana, kaeni mkubaliane: kila ndoo iliyopashwa ni uniti 0.4, mwenye hita anaongeza kiasi hicho kwenye mchango wake wa mwezi. Baba mwenye nyumba naye anapata usingizi.

Hatua ya 2: Acha jua lianze kazi

Tuko chini kidogo ya mstari wa Ikweta, nyuzi 2 na nusu kusini. Jua letu ni la utosini karibu mwaka mzima, na msimu wenye alfajiri za baridi ndio huohuo wa kiangazi, mchana hauna mawingu mengi. Zaidi ya hapo tuna mawe. Jabali likishapigwa na jua tangu asubuhi linashika joto mpaka jioni; watoto wa mlimani wanalijua hilo kwa nyayo zao.

Chukua dumu la lita 20, jeusi au la rangi nzito, lijaze, lifunge vizuri, ulilaze juu ya jiwe au juu ya sakafu ya saruji isiyo na kivuli kuanzia saa 4 asubuhi. Liondoe saa 10 jioni, kabla halijaanza kupoa. Yakifika nyuzi 32 tu, na siku ya jua kali huzidi hapo, umeshaokoa karibu nusu ya umeme wa ndoo ile. Anayeoga jioni anaweza asihitaji hita kabisa. Hii ndiyo sababu nawashauri watu wahamishe ratiba: watoto waoge saa 11 jioni wakitoka shule, na asubuhi wanawe uso, miguu na kwapa. Watoto wenyewe hawatalalamika.

Mwenye simtanki jeusi juu ya mnara anapata joto hilo bila kutaka, ila bomba la kutolea liko chini ya tanki na maji ya moto hukaa juu, kwa hiyo usitarajie makubwa. Bora zaidi ni bomba jeusi la roli, lile la inchi 1, lizungushwe juu ya bati na kuunganishwa kabla ya bafu. Mita 50 hushika lita 25 hivi. Fungua maji kwa tahadhari saa 8 mchana, maana yale ya mwanzo yanaweza kuunguza.

Hatua ya 3: Mtu mmoja au wawili, tumia jagi

Jagi la umeme la lita 1.7 ndicho kifaa ninachokipendekeza kwa bachela na kwa wanandoa wasio na watoto. Linajizima lenyewe, na halikuruhusu kupasha maji mengi usiyoyahitaji.

Kanuni ya kuchanganya ni hii: kopo 1 la maji yaliyochemka kwa makopo 3 ya maji ya bomba. Unapata nyuzi 42 hivi. Kwa mwinuko wetu, mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100, na kanuni imeshalizingatia hilo. Majagi mawili yanatoa zaidi ya lita 13 za kuogea, zinazomtosha mtu anayeoga kwa kopo, kwa uniti 0.3 tu. Tanguliza maji ya baridi kwenye ndoo, kisha ya moto, hasa mtoto akiwa karibu. Maji ya kumwogesha mtoto mchanga yapime kwa kiwiko: ukihisi moto, kwake ni moto zaidi.

Hita ya ndoo, ile koili ya chuma yenye waya na plagi, ni habari nyingine. Ni rahisi, inauzwa kila kona, na kwa matumizi ya umeme haina ubaya: ya wati 1,000 hupasha ndoo kwa dakika 25 hivi. Siipendi kwa sababu inaua. Kama ndiyo uliyo nayo, fuata mpangilio huu bila kuruka hata kimoja:

Tumia ndoo ya plastiki, usitumie ya bati wala sufuria. Iweke ndoo mahali pakavu, nje ya bafu, watoto wasipofika. Ingiza koili majini kwanza, maji yafunike sehemu yote ya kupashia bila kuvuka alama, na isiguse ukuta wa ndoo. Hakikisha mikono ni mikavu, vaa kandambili, ndipo uchomeke na kuwasha swichi ya ukutani. Kamwe usitumbukize kidole kupima kama yamepata moto huku swichi iko juu. Zima swichi, chomoa plagi, subiri dakika moja, kisha toa koili. Ikiwa plagi inapata moto, waya umechubuka au koili ina ufa, itupe. Na usiwashe ukaenda dukani: maji yakipungua, koili huungua na ndoo nayo huyeyuka.

Hatua ya 4: Shawa ya umeme

Shawa nyingi za umeme zinazouzwa mjini ni za wati 5,500. Dakika 10 chini yake ni uniti 0.9, sawa na ndoo mbili na ushee. Si dhambi, mradi ujue. Ukiizima unapojipaka sabuni na kuiwasha unapojisuuza, unarudi kwenye kiwango cha ndoo moja.

Malalamiko mawili ninayasikia sana. La kwanza: "Jioni haipati moto." Mara nyingi shawa ni nzima. Jioni watu wote wanapika na kuangalia taarifa ya habari, na umeme mtaani unashuka. Ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, nguvu ya hita haipungui kidogo kama unavyodhani; inapungua karibu robo. Dawa ni kupunguza kasi ya maji kwenye bomba, maana maji yakipita polepole yanapata muda wa kushika joto, au kuoga kabla ya saa 1 usiku.

La pili: "Haiwaki kabisa." Shawa hizi huwashwa na msukumo wa maji. Tanki lako likiwa sambamba na bafu, maji hayana nguvu ya kusukuma swichi ya ndani. Kitako cha tanki kinatakiwa kiwe juu ya shawa, angalau mita 1, na 2 ni bora. Kabla ya kununua, weka ndoo chini ya bomba na utazame saa: zikitoka lita 3 au 4 kwa dakika, inatosha.

Halafu waya. Wati 5,500 kwenye volti 230 ni ampia 24. Waya wa soketi za kawaida hauwezi mzigo huo. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, wa milimita 6 za mraba, na sakiti breka yake ya ampia 32. Pia inahitaji kifaa cha kukata umeme unapovuja, na hapa Mwanza inahitaji eathi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, iliyopimwa. Neno "iliyopimwa" nalisisitiza kwa sababu ya mawe yetu. Fundi anapigilia fimbo ya shaba, inagonga jabali nusu mita chini, anaikata na kufukia. Kwa macho eathi ipo. Kwa kazi haipo. Mwambie aje na kipimo cha eathi, na kama sehemu ile ni mwamba, aitafutie udongo hata upande wa pili wa uwanja. Mguso mdogo unaokuchezea kwenye bomba la shawa ni onyo. Zima breka siku hiyohiyo na umwite fundi mwenye leseni.

Hatua ya 5: Boila la tanki

Boila la lita 50 likipashwa hadi nyuzi 60 linatumia uniti 2 na kidogo, na ukichanganya na maji ya baridi linatoa karibu ndoo 5 za kuogea. Kwa familia kubwa si kifaa kibaya. Ubaya ni kuliacha likiwaka. Hata kama hakuna anayefungua bomba, joto linavuja kupitia ganda lake na boila linajiwasha tena na tena. Kwa siku nzima hupotea kama uniti 1, na la zamani zaidi ya hapo. Kwa mwezi ni uniti 30 zilizopasha hewa ya bafuni.

Liwashe saa moja na nusu kabla ya kuoga kama koili yake ni ya wati 1,500, ogeni mfululizo, kisha zima. Usilipange chini ya nyuzi 60 kwa kubana matumizi, kwa kuwa maji ya uvuguvugu yanayokaa tankini huzalisha bakteria. Na usipandishe hadi 75, maana unazidisha upotevu na kuwaweka watoto hatarini: maji ya nyuzi 60 yenyewe huunguza ngozi ndani ya sekunde chache. Ile valvu ndogo ya pembeni inayodondosha maji kidogo wakati wa kupasha isizibwe. Ndiyo inayozuia boila lisipasuke.

Hatua ya 6: Mkaa na gesi

Ndoo moja kwenye jiko la mkaa la bati inakula takriban robo kilo ya mkaa, kwa sababu sehemu kubwa ya joto inapita pembeni ya sufuria. Jiko banifu lenye udongo ndani hupunguza kiasi hicho kwa theluthi moja au zaidi. Lakini ujanja wa kweli wa mkaa ni mabaki: ugali ukishaiva na mboga imeshuka, bandika sufuria la maji lenye mfuniko juu ya makaa yaliyobaki. Joto hilo umeshalilipia. Familia nyingi huyamwagia makaa hayo maji na kuyazima, kitu ambacho sijakielewa.

Gesi watu wanaidhania kuwa rahisi kuliko umeme kwa kila kazi. Kwa kupika, mara nyingi ni kweli. Kwa maji ya kuoga, pima mwenyewe: ndoo moja hula gramu 60 hivi, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 hutoa kama ndoo 100. Gawanya bei ya kujaza mtungi kwa 100, ulinganishe na zile shilingi 140. Mwenye D1 asisumbuke hata kugawanya.

Kwa vyote viwili: funika sufuria, kwangua masizi chini yake, na zima yakishafika joto la kuoga. Kuchemsha sufuria zima halafu kulipoza kwa maji ya baridi mpaka nusu yake imwagwe ndiyo hasara niliyoitaja mwanzo.

Hatua ya 7: Maji ya kunywa, na maji ya ziwani

Hapa ndipo mkaa mwingi unapotea kwa sababu ya mazoea. Maji ya kunywa hayahitaji kutokota dakika 20. Yakishachemka kwa mapovu makubwa, dakika 1 inatosha kuua vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, hata kwa mwinuko wetu ambako yanachemkia nyuzi 96. Yakiwa na tope, yaache yatuame na uyachuje kwa kitambaa safi kwanza. Chemsha mara moja kwa siku, ya chai uyaweke kwenye chupa ya chai yakiwa moto, ya kunywa yapoe ndani ya chombo chenye mfuniko.

Wanaoishi mialoni, Igombe, Kayenze na visiwani, wanaoga maji ya ziwa, na ziwa lina kichocho. Si lazima uyachemshe yote ili uoge salama. Vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwa konokono huishi majini saa 48 tu visipompata mtu. Kuwa na mapipa mawili yenye mfuniko: unajaza moja, unaliacha siku 2 kamili bila kuongeza maji mapya, unaoga la pili. Ukichanganya maji ya leo, hesabu inaanza upya. Baada ya siku 2 unayapasha kwa starehe yako tu. Anayekwenda kuchota naye asiingie majini hadi magotini. Achotee kwenye gati au ndani ya mtumbwi. Na pipa hili ni la kuoga na kufulia. Ya kunywa bado yachemshwe.

Hatua ya 8: Chumba chenye baridi

Sitakaa sana hapa. Mwanza hakuna haja ya kupasha chumba. Unahitaji kuzuia joto la mchana lisitoke. Bati lisilo na dari hupoteza joto usiku haraka sana, kwa hiyo dari, hata ya bei ndogo, inafaa kuliko hita yoyote ya chumba. Pazia zito na kitambaa chini ya mlango vinasaidia. Mgonjwa au mzee akihisi baridi, jaza maji ya moto, yasiyochemka, kwenye chupa imara, funga vizuri, izungushie kitenge, iweke miguuni.

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata likiwa limebaki makaa bila moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Ukimkuta mtu ana kichwa kizito, kichefuchefu na hajielewi ndani ya chumba chenye jiko, mtoe nje kwanza, kisha mpeleke hospitali.

Hatua ya 9: Kama bado unajenga

Hita ya jua ni gharama kubwa mwanzoni, na kwa mpangaji haina maana. Kwa anayejenga na familia yake ni kubwa, ina maana sana. Sahani yake ya kukusanya jua, ya mita 2 za mraba, siku ya jua zuri hupasha lita 100 hivi kwa nyuzi 36. Ielekeze kaskazini, maana katika miezi ya baridi jua letu liko upande huo, na uiinamishe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi na maji yapande yenyewe. Kwa aina isiyo na pampu, kitako cha tanki lake kiwe juu ya ukingo wa juu wa sahani, la sivyo usiku maji yatarudi kinyume na kupoa. Bukoba, kwenye mawingu na mvua nyingi kuliko kwetu, ongeza koili ya akiba.

Hata kama pesa ya hita haijapatikana, mwambie fundi bomba alaze njia ya maji ya moto kabla ya plasta. Litumike bomba la PPR, plastiki inayostahimili maji ya moto. Bomba la kawaida la plastiki hulegea. Bafu na jiko viwe karibu na mahali hita itakapokaa, kwa kuwa mita 10 za bomba hushika lita 1 na nusu hadi 2 ambazo kila asubuhi zitamwagika baridi kabla ya moto kufika. Na mwachie fundi umeme nafasi ya breka moja tupu kwenye bodi.